Kuvizia kulungu penye makwaruzo ya dume

Kaka umeuliza kama kukaa karibu na yale makwaruzo ya dume la kulungu (pale anapokwangua udongo kwa kwato na kukojoa, chini ya tawi) kunalipa, mi nasema inalipa ila siku chache tu, mwishoni mwa Oktoba hivi huku Ohio, Marekani, kabla majike hayajaanza kupandwa. Novemba ikishakolea dume anakimbizana na majike, hana habari na makwaruzo tena. Halafu wengi wanapita usiku, weka kamera utaona. Cheki tawi la juu yake, likiwa limetafunwa limevunjikavunjika na udongo wa chini mbichi unanuka mkojo, hapo wanapita bado. Ila usikae pale pale jamani! Sogea mita 50 hivi upande upepo unakoelekea, kwenye njia anayotokea kichakani anakolala, maana dume mkubwa mara nyingi ananusa kwa mbali tu anaendelea zake.