Fumbo la sataranji liwe na ufunguo mmoja

Panga kete tatu tu ubaoni (herufi hutaja safu wima, namba hutaja mstari wa mlalo): Mfalme Mweupe f6, ngome nyeupe a1, Mfalme Mweusi h8. Mweupe anaanza na anatakiwa kumfunga Mfalme Mweusi, yaani kumpa chekimeti, kwa hatua mbili. Mfalme Mweupe akienda f7, Mweusi hana pa kukimbilia ila h7, na ngome inamalizia h1: chekimeti. Sasa jaribu mfalme kwenda g6 badala yake. Mweusi analazimika kuingia g8, ngome inapanda a8, chekimeti tena. Funguo mbili, yaani hatua mbili tofauti za kwanza zinazofumbua! Mpangilio huu bado haujawa fumbo, na jaji wa mashindano ya utunzi wa mafumbo atauweka kando hata kama wazo lake ni zuri.

Watungaji wengi wapya wakigundua kasoro ya aina hii hukimbilia kuongeza kete. Kweli, kitunda cheupe kikikaa a2 kinaizuia ngome isifike a8, na ufunguo wa pili unakufa. Lakini kitunda hicho hakina kazi nyingine yoyote pale, na katika sanaa hii kila kete lazima ilipe nauli yake. Dawa bora haiongezi kitu: mhamishe Mfalme Mweupe aanzie e6. Kutoka hapo anafika f7 kwa hatua moja, g6 hafiki. Kwa hiyo kabla ya kushika kete mpya, hamisha kwanza zilizopo, mraba mmoja mmoja, na kila mara kagua upya.

Hata hivyo hili linabaki fumbo la mazoezi. Mfalme Mweupe akiwa e6, Mweusi ana miraba mitatu ya kutorokea: g8, g7 na h7. Ufunguo unamnyima miwili papo hapo. Ufunguo wa kubana hivyo ni dhaifu, sawa na ule wa kutoa cheki (kumshambulia mfalme) au kula kete, maana ndio mchezaji yeyote angeujaribu mwanzo. Ufunguo unaosisimua humpa Mweusi uhuru zaidi, pengine hata nafasi ya kutoa cheki, na bado anafungwa.

Mfumbuzi naye afaidike na hilo: asianze na cheki. Ajiulize, ingekuwa zamu ya Mweusi sasa hivi, je, kila hatua yake ina jibu la chekimeti? Kama zote zina majibu, huenda Mweupe anahitaji hatua ya kusubiri tu, isiyoharibu chochote. Kama ipo isiyo na jibu, hasa mfalme kutorokea mraba fulani, ufunguo lazima uishughulikie. Kisha itazame kete nyeupe iliyokaa mbali kama haina kazi. Haikuwekwa pale bure. Ukipata hatua unayoiamini, tafuta jibu la Mweusi linaloivunja. Mafumbo mazuri yana mitego inayoshindwa kwa jibu moja tu, na hapo ndipo pointi nyingi hupotea katika mashindano ya kufumbua, ambayo ya dunia yalianza 1977.

Ukimaliza kutunga, pitisha kazi yako kwenye Popeye, programu ya bure inayoorodhesha funguo zote. Uhalali wa mpangilio ukague kwa macho yako: askofu mweupe aliyekaa a1 huku kitunda cheupe kiko b2 hawezi kuwa amefika pale kwa mchezo wowote halali.