Swali la Lugha: Je, vinyweleo vya jani "vinavuja utomvu"?

SWALI: Ninaandika maelezo ya mmea wa mnanaa. Nimesema, "Vinyweleo vya jani vinavuja utomvu wenye harufu kali." Mhariri ameyazungushia wino maneno *vinyweleo*, *vinavuja* na *utomvu*, bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Yote matatu yana kasoro. Jepesi kuliondoa ni *utomvu*. Huo ni majimaji ya ndani ya mmea, hutoka unapoukata au kuujeruhi. Harufu ya mnanaa inatokana na mafuta yanayotengenezwa na seli za kinywele chenyewe, juu ya ngozi ya jani. Andika *mafuta*.

*Kinyweleo* kina maana mbili. Wengi hukiita hivyo kitundu cha ngozi kinachopitisha jasho. Wengine, unywele mwembamba wa mwilini unaosimama mtu akihisi baridi. Tukizungumzia mwili, muktadha hutuokoa. Kwenye jani hautuokoi, kwani jani nalo lina vitundu vyake vya kupitishia hewa, na msomaji atadhani ndivyo unavyovitaja. *Malaika* (umoja *laika*, kwa hiyo "malaika yamesimama", si "wamesimama") ningeyaachia majani yenye nywele laini zisizotoa kitu. Hapa *vinywele* yatosha, ukiongeza *vyenye tezi*. Sipendi "vinywele vya tezi", kwa sababu inasikika kama nywele zilizoota juu ya tezi, ilhali tezi ndiyo kichwa cha kinywele.

Tatizo kubwa ni kitenzi. Chombo *kinachovuja* kimetoboka au kina ufa. Kinywele cha mnanaa hakina tundu, na ukikitazama kinavyokua utaona kitenzi kimoja hakitoshi. Jani likiwa changa, seli moja ya ngozi yake *hutuna* kwenda juu, kisha *hugawanyika*: seli ya chini hubaki kuwa kitako, ya kati huwa kikonyo kifupi, na ya juu huendelea kugawanyika hadi kupata kichwa cha seli 8 zilizopangika kama sahani. (Mrehani una vinywele vya jinsi hiyo vyenye kichwa cha seli 4.) Seli hizo za kichwa hutengeneza mafuta na kuyasukuma nje ya kuta zao, lakini hayafiki hewani. Hunaswa chini ya utando wa nta unaofunika kichwa, nao utando huinuka kama lengelenge. Kuta za pembeni za kikonyo hazipitishi mafuta, kwa hiyo hayarudi jinsi yalivyokuja.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hii hasa. Jipu *hutunga* usaha. Kinywele nacho *hutunga* mafuta. Ukilisugua jani, utando *hutumbuka* na harufu husambaa. Tofauti na jipu, kinywele hakiugui, lakini picha ya kitu kinachojaa chini ya ngozi ni ileile, na hakuna neno lililo karibu zaidi.

Angalia na njeo. Katika mnanaa unaolimwa kwa ajili ya mafuta, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika jani likiwa na umri wa siku 12 hadi 20. Ukieleza jani lililokomaa, "vinatunga" ni kosa la maana: *vimejaa*.

Wala usiuhamishie kila mmea kitenzi *tumbuka*. Mtumbaku una vinywele virefu ambavyo ute wake hupenya utando bila kuupasua, ukatanda kichwani na kunata vidoleni. Huko sema *hutoa ute unaonata*. *Hutema* usiseme popote kati ya mimea hii, maana kutema ni kurusha nje kwa nguvu.

Sentensi yako basi: "Vinywele vyenye tezi vya jani la mnanaa hutunga mafuta yenye harufu kali, na hutumbuka jani likisuguliwa."