Meza yangu ya kwanza ilivunjika, na nilichojifunza baadaye

Juzi kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeandaa kampeni miezi miwili. Wachezaji wangu wamekuja vikao viwili, cha tatu kila mtu ana udhuru. Nimekosea wapi?" Anazungumzia michezo ya kuigiza ya mezani: mwongozaji anaeleza hali, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini, dadu linaonyesha kama wamefaulu, na kampeni ni hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi. Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile, lakini usiku usingizi ulikuwa wa shida. Swali lake lilikuwa langu mwaka 2019, na wakati ule sikuwa na wa kumuuliza. Leo namjibu kwa kirefu.

Kwanza niseme jambo la furaha. Jumamosi iliyopita tumefunga kampeni yetu, sebuleni kwangu Sinza. Vikao 31, miezi 14, wachezaji wanne, na hakuna aliyeachia njiani. Nalisema kwa fahari kwa sababu najua lilianzia wapi.

Michezo hii ilizaliwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Kanuni za msingi za toleo la tano zinapakuliwa bure, kwa hiyo mwaka ule wa 2019 nilizisoma kwa Kiingereza nikaongoza kwa Kiswahili. Sikutaka misitu ya Ulaya. Nilitaka kwetu: Kilwa Kisiwani, mwaka 1331, mwaka aliopita Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, mwenye ukarimu uliompa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Jumba lake ni Husuni Kubwa, limejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake kuna birika la pembe nane. Dhahabu inapanda kutoka Sofala, bandari ya kusini, Msumbiji ya leo. Nani asingependa kucheza humo?

Niliandika kurasa 40. Nani atasema nini barazani, mlango upi utafunguka, msaliti atafichuka kikao cha ngapi. Nilikuwa nimeshaandika hata machozi ya sultani.

Kikao cha tatu wachezaji wakasema hawaendi kwa sultani. Wanataka jahazi, wanataka Sofala, wakaione dhahabu inakotoka. Nikawaletea dhoruba ikawarudisha. Wakatengeneza tanga, wakaondoka tena. Nikawaletea maharamia. Hapo rafiki yangu mmoja, aliyesimama nami siku ya harusi yangu, akaweka dadu mezani taratibu akasema: "Ndugu yangu, unacheza peke yako. Sisi tunakuangalia tu."

Hakupaza sauti. Wengine wakainamisha vichwa, na hakuna aliyenitetea. Wiki iliyofuata kundi la WhatsApp lilikuwa kimya, na baadaye nikasikia wanakutana kwake kucheza karata. Niliwakasirikia miezi minane. Nilijiambia hawana subira, hawajui thamani ya kazi yangu. Mpaka leo nikikumbuka lile dadu likiwekwa chini moyo unauma, ingawa sasa najua alisema kweli.

Aliyenifungua macho hakuwa mtaalamu wa michezo. Nilikwenda msibani Lindi, na usiku shangazi yangu akawa anawatolea watoto hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Sungura akafika mtoni, shangazi akanyamaza, akawageukia: "Haya, sungura afanye nini?" Mmoja akasema aogelee, mwingine akasema amdanganye mamba. Shangazi akachukua la mamba akaendelea nalo kana kwamba ndivyo hadithi ilivyokuwa tangu zamani. Watoto wale hawakusinzia. Mimi nilikaa kizani nikiwaza kurasa zangu 40.

Tangu siku hiyo siandiki matukio. Naandika watu na wanachokitaka. Mfano kutoka kampeni tuliyoimaliza: mfanyabiashara ana deni na anataka shehena ya dhahabu isipimwe bandarini. Mpimaji anataka kumwozesha binti yake kwa mtu wa heshima. Nahodha wa Uarabuni anataka kuondoka na kusi, upepo wa kusini unaopeleka majahazi kwao, kwa sababu ikimpita atabaki pwani mpaka mwaka ujao. Basi. Sijui kitakachotokea, na sitaki kujua. Wachezaji wakimgusa mmoja, wale wengine wawili wanatikisika wenyewe.

Ile kusi ndiyo saa yangu. Nachora duara kwenye karatasi, nalikata vipande 6, nalibandika mahali wote wanaliona. Kila wanapopoteza siku nzima, natia wino kipande kimoja. Sihitaji kuwaharakisha kwa maneno. Wakiona vimebaki viwili, wanaanza kunong'onezana wenyewe.

Kuhusu dadu nitakaa kidogo, maana hapa waongozaji wengi wanawaonea wachezaji bila kujua. Wachezaji wanne wananyemelea walinzi wa Husuni Kubwa. Kila mhusika anaongeza 3 kwenye dadu la pande 20, na anatakiwa kufikisha 15. Maana yake dadu lenyewe litoe 12 au zaidi, namba 9 kati ya 20, asilimia 45. Si mbaya. Lakini ukisema wote wanne lazima wafaulu, nafasi yao inashuka hadi asilimia 4 hivi. Umeshawafungia mlango, halafu unashangaa kwa nini kila mara wanachomoa panga badala ya kunyemelea! Kanuni za toleo la tano zina jibu: kikifaulu angalau nusu ya kikundi, kikundi kizima kimepita. Kwa hesabu ile ile, nafasi inakuwa kama asilimia 61. Hapo kunyemelea kunakuwa mpango wa kweli. Mimi niliwanyima watu haki hiyo mwaka mzima kwa kutosoma ukurasa mmoja.

Na kama kushindwa hakuleti jambo lolote jipya, usiwaambie warushe dadu. Mlango ambao lazima ufunguke, ufungue.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaeni mzungumze bila dadu. Tuliulizana kila mmoja hataki kukutana na nini mezani. Dada mmoja alikuwa amefiwa na mtoto, akasema mtoto asife kwenye mchezo huu. Hakuna aliyehoji, na miezi 14 haikutokea.

Ndugu zangu mnaoongoza, naomba mnisikie. Wachezaji wako wametoka kazini, wamepanda daladala, wameacha familia zao Jumamosi jioni. Hawakuja kusikiliza kitabu chako. Wamekuja kuamua. Ukiwanyima uamuzi umewanyima kilichowaleta, hata uwe fundi wa maneno kiasi gani. Uliza "unafanya nini?" kisha nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, usikijaze. Wakisema jambo ambalo hukulitarajia, lipokee, na uulize tena. Ukijikuta unatafuta dhoruba ya kuwarudisha, simama, unywe maji, waache waende.

Jumamosi ile yule dada, ambaye mhusika wake ni nahodha wa kike, alimkamata mfanyabiashara wa dhahabu pembeni mwa lile birika. Duara lilikuwa limebakiza kipande kimoja. Nilidhani atamuua, au atampeleka kwa sultani. Akamuuliza: "Deni lako ni la nani?" Kisha akalilipa deni lote kwa fungu lake la dhahabu, akamwambia apande jahazi aondoke na kusi. Meza yote ikanyamaza. Mchezaji mmoja, mwanamume mzima, alikuwa anafuta macho. Mimi pia. Katika zile kurasa 40 za zamani tukio hilo halikuwamo, na nisingeweza kuliandika.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mwanza, marahaba. Usiwaandikie wachezaji wako lawama kwenye kundi, mimi niliandika na ninajuta. Mpigie mmoja mmoja. Muulize mhusika wake anamdai nani, na nani anamdai yeye. Majibu hayo ndiyo kikao chako cha tatu, yaandike kwenye karatasi moja. Yangu ya Jumamosi ilikuwa na mistari tisa: majina matatu, matakwa matatu, deni moja, upepo, na mahali lilipo birika.