Maswali na Majibu: Bati la wamisionari na kazi ya mtaa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mtaa wetu (tawi la usharika) unajenga kanisa la matofali ya kuchoma, mita 9 kwa 15. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Wamisionari wanaoshirikiana na usharika wetu wameahidi kutulipia bati. Tuwaombe nini hasa?
– Mzee wa kanisa, Njombe

JIBU: Amina. Waombeni bati kwa idadi, msiseme tu "msaada wa paa". Ahadi isiyo na hesabu huishia kwenye paa la upande mmoja na mvua ya Machi ikinyesha madhabahuni.

Kwa mwinamo wa nyuzi 20 na ukingo wa sentimita 90 nje ya ukuta, kila upande unahitaji karibu mita 5.8 kutoka kileleni hadi ukingoni. Hizo ni bati mbili za mita 3 zikipandana sentimita 20. Urefu wa paa, pamoja na nusu mita kila mwisho, ni mita 16. Bati likifunika sentimita 75 baada ya kupandana, mnapata mistari 22 kila upande: bati 88, na kofia 9 za mita 2 za kufunika kilele. Chukueni geji (kipimo cha unene) 28. Geji 30 ni nyembamba zaidi, ingawa namba yake ni kubwa, na kwenye upepo wa nyanda za juu hupasuka pale penye misumari. Misumari iwe na raba, ipigwe juu ya mgongo wa bati. Ikipigwa bondeni maji hupita humo humo.

Mbao na lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) zibaki mikononi mwenu. Njombe paini haitoki mbali, na washarika wanaweza kuitoa wakati wa mavuno, mradi ipigwe dawa ya mchwa. Ila upana wa mita 9 bila nguzo katikati si wa kukisia: mwombeni mhandisi wa halmashauri mchoro wa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kabla ya kumwaga lenta, kwa sababu vyuma vya kufungia kenchi huzikwa ndani ya zege likiwa bichi. Makanisa mengi yaliyoezuliwa yalikuwa na bati zuri; kilichokosekana ni hicho chuma, na madirisha yaliyoachwa wazi yakaingiza upepo chini ya paa.

Na kiwanja? Hakikisheni Mkutano Mkuu wa Kijiji umekiidhinisha na muhtasari upo, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka. Kiandikwe kwa jina la Wadhamini wa dayosisi, kamwe si la mwinjilisti, hata awe mwaminifu kiasi gani. Fedha zipitie akaunti ya usharika.

SWALI: Wageni hao watahubiri kwa mkalimani. Mara iliyopita ibada ilichukua saa nne na watu wakaondoka.
– Katibu wa mtaa huohuo

JIBU: Mahubiri ya dakika 20 yakitafsiriwa huwa 40. Mwambieni mhubiri mapema aandae dakika 15. Mkalimani apewe andiko na muhtasari siku moja kabla, afungue Biblia ya Kiswahili na kusoma mistari kama ilivyo badala ya kuitafsiri papo hapo. Mhubiri atamke sentensi nzima ndipo anyamaze. Akikata katikati, mkalimani hana kitenzi cha kushika. Mnada wa sadaka za mavuno ufanyike nje, baada ya baraka.