Uliza Sonara: Pete nyeupe imegeuka manjano

SWALI: Habari ya Kisumu, fundi. Siku ya harusi mume wangu alinivisha pete ya dhahabu nyeupe. Sasa upande wa kiganja umeanza kuwa manjano, na kidole kinaniwasha. Ndani imegongwa 750. Wifi yangu anasema tuliuziwa bandia. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada yangu, usimlaumu mzee bado. Hiyo 750 maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi, yaani karati 18. Zilizobaki ni madini mengine, na hayo ndiyo huamua rangi. Shaba ikizidi, pete huwa nyekundu. Fedha ikizidi, hupauka na kuelekea ukijani. Ili iwe nyeupe huyeyushwa pamoja na paladiamu au nikeli, na hata hapo hubaki na umanjano kidogo. Ule weupe wa kumetameta uliouona dukani ni rodiamu, madini ya jamii ya platinamu, inayopakwa juu kwa umeme. Tabaka lake ni jembamba mno. Upande wa kiganja ndio unaoshika sufuria, ufagio na usukani, kwa hiyo huisha kwanza.

Sonara mwenye vifaa ataing'arisha na kuichovya upya, na baada ya muda utarudi tena kwake. Mimi ningeiacha ilivyo. Rangi ile ya kijivu chenye umanjano kidogo naipenda kuliko weupe wa rodiamu.

Kuwashwa ndiko kunakonitia wasiwasi. Yawezekana ni sabuni inayoganda chini ya pete, basi anza kwa kuivua unapofua na kuosha vyombo. Ikiendelea, nashuku nikeli: rodiamu ilikuwa inakukinga, sasa ngozi inaigusa moja kwa moja. Watu wengi hudhurika nayo, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vito. Kuichovya upya kutakupa nafuu ya muda tu. Siku mkinunua nyingine, mwulizeni muuzaji weupe umetokana na nini. Akishindwa kujibu, nendeni duka jingine.

Kuhusu wifi: namba ni mkono wa mtu ulioigonga, kwa hiyo inaweza kughushiwa. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa shaba na fedha hazivutwi nayo. Mwombe sonara aisugue kwenye jiwe jeusi na kutia tone la asidi mbele ya macho yako. Akwaruze kidogo kwa ndani kwanza, asije akapima kile kilichopakwa juu.

SWALI: Nimepewa punje za dhahabu za mashimo ya huku kwetu. Zimepauka sana kuliko pete ya mama. Mnunuzi anasema ni mbovu, anataka kunipa bei ya kutupa. — Msomaji, Kakamega

JIBU: Ndugu, usimuuzie kwa rangi. Dhahabu ya ardhini mara nyingi hutoka na fedha ndani yake, na fedha huipausha. Kakamega inajulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930, enzi za mgodi wa Rosterman, na thamani yake ni uzito wa dhahabu halisi iliyomo. Pete ya mama huenda ina shaba, ndiyo maana imekolea. Zipimwe kwanza, bei baadaye.

Lakini kuna sababu nyingine ya weupe, nayo ni ya hatari. Wachimbaji wengi wadogo hukusanya vumbi la dhahabu kwa zebaki, na bonge linalopatikana huwa na rangi ya fedha. Mwulize aliyekupa. Kama zilipitia zebaki, tafadhali usizichome jikoni wala uani. Mvuke wake hauonekani, nao huharibu mishipa ya fahamu na figo. Watoto na wajawazito ndio huumia zaidi. Zitie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na moto, na umwambie wazi atakayezipima kwamba zina zebaki kabla hajawasha tochi ya gesi.