Daftari aliloacha baba

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Baba yetu alifariki Mfungo Tano (mwezi wa Safar), kijijini kwetu karibu na Wete, Pemba. Alikuwa mtu wa kimya. Alfajiri anajaza maji hodhi la msikiti kabla muadhini hajafika, mchana yuko shamba, basi. Mimi nafanya kazi Unguja, nilikuwa nakwenda Idi kwa Idi, na hata alipofariki sikuwepo. Ndani ya sanduku lake tumekuta daftari la shule lenye majina 19, na mbele yake hesabu: pishi 2, elfu 10, kanga doti 1. Mengine yamepigwa mstari. Ndugu zangu wanataka hitima kubwa ya arobaini na usomwe wasifu wake. Mimi sina hata la kusema juu yake, na hilo linaniumiza. Tumkumbuke vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mzee na akupeni subira nyote, mama kwanza, aliye edani.

Nianze na daftari, maana lina haraka kuliko hitima. Katika Suratun Nisaa, mirathi hugawiwa baada ya wasia na deni. Na Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, hakumsalia mpaka sahaba wake Abu Qatada alipolibeba deni lile. Nyinyi hamjui kama hayo ni madeni ya mzee, au ya watu kwake, au ni sadaka aliyokuwa akijikumbusha. Hapana njia ila kwenda kuuliza. Nenda mwenyewe, usipige simu. Piga hodi, kaa barazani, jitambulishe kuwa wewe ni mtoto wa fulani, kisha uliza: "Baba alikuwa na haki yako yoyote?" Usianze kwa kudai. Akisema anamdai, na hesabu ikalingana na daftari, alipwe katika mali ya marehemu kabla haijagawiwa. Akisema yeye ndiye mdaiwa, hiyo ni haki ya warithi wote. Kila mmoja anaweza kusamehe fungu lake, si la mwenziwe. Na akianza kulia, nyamaza, mwache aseme.

Unasema huna la kusema juu ya baba yako. Hayo unayoyatafuta yamo vinywani mwa watu hao. Sahaba Abdullahi, mtoto wa Khalifa Umar, alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenziwe wakasema mabedui huridhika na kidogo tu. Akajibu kuwa baba wa mtu yule alikuwa kipenzi cha Umar, naye amemsikia Mtume akisema wema uliotimia ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake. Hadithi hii kaipokea Imam Muslim.

Hitima someni. Wanazuoni wamekubaliana kuwa dua humfaa maiti; katika kumsomea Qur'ani wamekhitalifiana, na Imam Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi amechagua msomaji aombe kwa Mola afikishe thawabu za alichokisoma kwa fulani. Lakini mchele na ng'ombe visitoke katika urithi wenye fungu la mama na la wadogo zenu wasiobaleghe, kama wapo. Anayetaka kulisha atoe mfukoni mwake. Nimeona nyumba zikikopa ili zisisemwe, na linanisikitisha sana.

Wasifu siupendi, na daftari lisisomwe hadharani kabisa. Mtume amesema Allah anampenda mja mchamungu, aliyekinai, aliyejificha. Ikiwa ni sadaka, mzee aliificha hata kwenu. Mkiitangaza, waliopokea mtawavunjia heshima, khasa kijiji kidogo ambacho kila mtu anamjua mwenziwe.

Na hilo la kutokuwepo: sahaba Saad bin Ubada naye alifiwa na mama yake akiwa mbali. Akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama yake. Sasa lile hodhi nani analijaza? Siku utakazokuwa Pemba, amka ulijaze wewe. Ukirudi Unguja, mpe kijana ujira alijaze kwa nia ya mzee.

Majina ambayo wenyewe wamekwisha kufa, tafuta warithi wao. Na kabla hujatoka kwenda popote, kaa na mama jioni, msomee yote 19 taratibu. Huenda anawajua na wasioandikwa.

Wallahu aalam.