Viungo vya mlango vimeachia? Kabla hujalaumu mbao, soma chupa ya gundi

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini milango yake ya mninga imeachia viungo baada ya masika ya kwanza, ilhali mbao ni nzuri na fundi alipaka gundi hadi ikamwagika. Tatizo halikuwa uchache wa gundi. Gundi ilikuwa nyingi, ila haikuwa gundi ya mlango wa nje.

Gundi nyeupe ya kawaida, yaani PVA, ni chembe ndogo za plastiki zilizomo ndani ya maji. Mbao ikinywa yale maji, chembe zinashikana na kiungo kinakaza. Maji yakirudi, utando ule unalainika, unakuwa mweupe tena, na kiungo kinaanza kucheza. Kwa droo, kitanda au kabati la ndani gundi hii inatosha kabisa. Ikibanwa vizuri, mbao itapasuka kabla gundi haijaachia. Kwa mlango unaopigwa na mvua, haifai.

Kwa hiyo tafuta daraja kwenye chupa. Kiwango cha Ulaya cha EN 204 kinazipanga gundi hizi kuanzia D1 hadi D4. D1 ni ya ndani pakavu. D2 inavumilia maji ya mara mojamoja. D3 inafaa jikoni, bafuni, na nje mahali ambapo mvua haifiki. D4 ndiyo ya nje, na hata hiyo inafaa kwa sharti kwamba mbao itapakwa rangi au vanishi ya kuikinga. Wengi hawalisomi sharti hilo. Upande wa gundi za mbao za chapa ya Titebond za Marekani, ile ya kwanza ni ya ndani, II inavumilia maji kiasi, na III ni ya nje. Hakuna hata moja ya kuzamishwa majini muda wote. Ukipimiwa gundi kutoka kwenye pipa na kutiliwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hujui daraja lake, hujui umri wake, na hujui kama imeongezwa maji. Kazi ya mteja haistahili kubahatisha hivyo.

Ukishajua maji yatafika wapi, angalia pengo. PVA inahitaji nyuso zinazogusana sawasawa, kwa sababu haina nguvu ya kuziba nafasi. Mtindo wa kuchanganya gundi na vumbi la msumeno kisha kushindilia kwenye ulimi uliolegea, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, unaficha kasoro tu, haubebi uzito. Ulimi ukiwa mwembamba, bandika kipande cha mbao kisha uupunguze kwa patasi hadi uingie kwa kusukumwa na mkono. Kama huwezi kuurekebisha, tumia epoksi ya sehemu mbili. Hiyo ndiyo inayojaza pengo na bado ikashika. Pima sehemu zote mbili kama maelezo yanavyosema, usikadirie kwa macho, na usibane kwa nguvu nyingi, kwa sababu epoksi ikikamuliwa yote kiungo kinabaki kikavu. Kwa kazi ya nje chagua inayokauka polepole. Ile ya dakika 5 haivumilii unyevu vizuri. Kumbuka pia kwamba epoksi nyingi za dukani huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na mlango mweusi unaotazama jua la mchana unaweza kufika huko.

Gundi ya poliyurethani inasifiwa sana kwa sababu inafura na kutoka nje ya kiungo. Povu lile halina nguvu. Gundi yenyewe ni nzuri kwa maji, lakini inataka unyevu ili ikaze: lowesha uso mmoja kidogo kwa kitambaa, paka gundi uso wa pili, bana saa kadhaa. Vaa glavu, maana ikikaukia mkononi haitoki kwa sabuni.

Gundi ya kontakti, ile inayonuka ambayo hutumiwa na mafundi viatu, ni ya kubandika fomika na sponji. Haikauki ikawa ngumu, kwa hiyo kiungo chenye mzigo kitateleza taratibu. Usiitie kwenye mguu wa kiti.

Sasa mbao yenyewe. Msonobari wa Sao Hill hausumbui. Mtiki una mafuta, na gundi inakaa juu yake bila kuingia. Ufute kwa asetoni, subiri ikauke, kisha paka gundi papo hapo, kabla mafuta hayajapanda tena. Kwa mbao yoyote, dondoshea tone la maji. Likitandaa na kunywewa, uko tayari. Likibaki limevimba juu, piga randa yenye makali au msasa upya. Mashine yenye visu butu huacha uso unaong'aa, na uso huo haunywi gundi.

Kiasi ni gramu 150 hadi 200 kwa mita mraba. Unganisho la mita 1 la mbao nene milimita 30 linataka gramu 5 au 6 tu. Weka klampu kila sentimita 15 hadi 20. Ukiona vitone vidogo vimejipanga mstari mzima, imetosha. PVA ya kawaida inakupa kama dakika 5 za kupanga mambo kabla haijaanza kukaza, hivyo jaribu kubana pakavu kwanza. Acha angalau dakika 30 kwenye klampu, ukiwa na nafasi acha zaidi, na usikipe kiungo mzigo kabla ya saa 24. Gundi iliyotoka usiifute kwa kitambaa chenye maji, unaisukuma ndani ya nyuzi na vanishi haitashika hapo. Subiri iwe kama mpira, uikwangue kwa patasi.

Gundi mpya ijaribu kwenye vipande viwili vya mabaki ya mbao ile ile. Viunge, viache siku 7, vitumbukize majini siku nzima, kisha vipasue kwa patasi na nyundo. Zikichanika nyuzi za mbao, gundi ni sawa. Ikiachia kwenye mstari wa gundi, ibakize kwa kazi za ndani.